Mtambo mdogo wa majitaka: maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu zimejaa majitaka. Wenye hoteli, wapangishaji na shule wanauliza kuhusu mitambo midogo ya kibayolojia, ile inayotosha mahali pa kuegesha magari mawili. Kwa anayekutana nayo mara ya kwanza: maji hupita kwenye chemba inayozuia taka ngumu, huingia tangi la hewa ambamo bloa hupuliza mapovu na bakteria hula uchafu, kisha hutulia kwenye tangi la kutuamisha. Maji safi hutokea juu. Tope, ambalo kwa sehemu kubwa ndilo bakteria wenyewe, hushuka chini na kurudishwa kwenye hewa. Siri iko katika kurudisha huko. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett wa Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba tope likihifadhiwa badala ya kumwagwa, kazi iliyochukua wiki inakwisha kwa saa chache.

*

Assalaam alaykum. Nasimamia hoteli ya vyumba 24 Paje, Unguja. Tuna mgahawa, na watu wa nje huja kula. Muuzaji ametupa bei ya mtambo wa "mita za ujazo 10 kwa siku". Utatutosha? Chini ni jiwe la matumbawe na maji yako karibu.
– Meneja, Paje

Waalaykum salaam. Kwa hesabu yetu hautatosha, ila msituamini sisi wala muuzaji kabla ya kusoma mita. Fungeni mita kwenye bomba linaloshuka kutoka tangi la juu, muisome kila siku saa 12 asubuhi kwa wiki mbili hoteli ikiwa imejaa, kisha mtoe maji ya bustani na ya bwawa la kuogelea.

Wakati mnasubiri mita, makadirio yanakwenda hivi. Wageni 48 kwa lita 250 ni lita 12,000. Tukichukulia wafanyakazi 30 kwa lita 60, ni 1,800. Sahani 60 za wageni wa nje kwa lita 20 ni 1,200. Jumla ni mita za ujazo 15 kwa siku.

Lakini wingi wa maji ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni uzito wa uchafu, unaopimwa kwa BOD: oksijeni ambayo bakteria hutumia kwa siku 5 kuula uchafu huo. Mgeni anayelala huleta gramu 60 hivi kwa siku, mfanyakazi wa mchana 25, sahani moja ya mgahawa 15. Kwenu inafika karibu kilo 4.5. Mtambo wa aina hii, wenye hewa ya muda mrefu, hubeba vizuri kilo 0.25 kwa kila mita ya ujazo ya tangi la hewa, kwa hiyo mnahitaji tangi la hewa la mita za ujazo 18. Maji yatakaa humo saa 29 hivi. Muulizeni muuzaji tangi lake la hewa peke yake lina ujazo gani. Akijibu kwa kutaja "watu 80" bila kipimo cha tangi, bado hajawajibu.

Kilo 4.5 za BOD, pamoja na kuigeuza amonia kuwa naitreti, zinataka kilo 9 hivi za oksijeni kwa siku. Mita ya ujazo ya hewa ina kilo 0.28 za oksijeni, na kwenye kina cha mita 2, kwa difyuza (vifaa vya mpira vinavyotoa hewa chini ya tangi) za mapovu madogo, ni asilimia 5 tu inayoyeyuka kweli kwenye majitaka. Hapo mnahitaji mita za ujazo 27 za hewa kwa saa. Nunueni bloa mbili, kila moja ikiweza 30 hadi 35 kwenye kina hicho, zipokezane kwa taima. Umeme ni uniti 12 hivi kwa siku. Bloa moja bila akiba maana yake siku ikiungua mtambo mzima unalala.

Vitu vitatu huachwa nje ya bei ili ionekane nafuu. Cha kwanza ni tangi la kusawazisha, mita za ujazo 5 hadi 6, lenye pampu ndogo inayolisha mtambo polepole. Wageni wakirudi ufukweni jioni wote huoga ndani ya saa mbili, na bila tangi hilo tope lote husukumwa nje. Cha pili ni mtego wa mafuta wa jikoni, mita ya ujazo 1, unaochotwa mafuta na mabaki yakifika robo ya kina. Cha tatu ni tangi la tope la ziada. Kilo 4.5 za BOD huzaa kilo 3 za tope kavu kwa siku, na likiganda hadi asilimia 2 hilo ni lita 150 na zaidi kila siku, sawa na tangi la mita za ujazo 5 kujaa kwa mwezi. Kabla ya kutia saini, hakikisheni lipo gari la kunyonya litakalofika Paje kila mwezi na mahali halali litakapomwaga.

Kuhusu jiwe na maji ya chini: msizike. Tangi tupu la mita za ujazo 18 likizungukwa na maji hadi shingoni husukumwa juu kwa nguvu ya tani 18. Zege ndani ya maji hubakiza tani 1.4 tu kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mngemwaga karibu mita za ujazo 13 za zege kulizuia lisielee. Matangi mengi ya plastiki huchomoka ardhini siku yanaponyonywa wakati wa masika. Wekeni mtambo juu ya ardhi, nyuma ya ukuta wa makuti, na mpandishe maji kwa pampu kutoka chemba ndogo. Matumbawe yana nyufa, maji machafu hupita humo bila kuchujwa hadi kwenye visima na mashamba ya mwani. Kwa hiyo takeni pia chumba kisicho na hewa mbele ya tangi la hewa, robo ya ujazo wake, ambako naitreti hugeuzwa kuwa gesi ya naitrojeni.

Na dobi asimwage dawa ya kung'arisha shuka yote kwa mkupuo. Klorini haichagui bakteria wabaya na wazuri.

*

Hamjambo wahariri. Mimi ni keateka wa nyumba za kupangisha Kitengela, familia 32. Kamati iliamua bloa ifanye kazi saa sita tu kwa siku ili bili ya stima ishuke. Sasa maji ni meusi na yananuka mayai yaliyooza. Tumwage dawa gani?
– Keateka, Kitengela

Hatujambo. Hakuna dawa ya kumwaga. Bakteria hao ni mifugo yenu: wanakula, wanapumua, wanazaliana. Mmewalisha saa 24 mkawapa pumzi saa sita. Wanaohitaji oksijeni wamekufa au kulala, wakachukua nafasi wale wanaopumua salfeti na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ndiyo harufu hiyo.

Kwanza usalama, maana mtaanza kulikoroga tope hilo. Gesi hiyo huua, na ikizidi pua huacha kuinusa, kwa hiyo kutoisikia harufu si dalili ya heri. Fungueni mifuniko yote nusu saa kabla ya kuanza, mkae upande upepo unakotoka. Asiingie mtu ndani ya tangi, hata kuokota spana.

Washeni bloa saa 24. Safisheni chujio la hewa, kisha tazameni mapovu: yanatakiwa kuenea sawasawa tangi zima. Yakichemka mahali pamoja kwa nguvu, mpira wa difyuza hapo umepasuka na unaiba hewa ya wenzake. Pasipo na mapovu, difyuza imeziba, na kuzimazima bloa ndiko kulikoiziba, kwa sababu hewa ikikatika tope hulala juu ya mpira na kuingia kwenye vitundu. Iteni ekzosta, gari la kunyonya majitaka, inyonye utando wa mafuta na tope jeusi lililoganda chini ya tangi la kutuamisha. Hilo msilirudishe kwenye hewa. Ombeni mbegu kutoka mtambo wa jirani unaofanya kazi vizuri na unaopokea maji ya nyumbani tu: tope la tangi la hewa, kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya ujazo wa tangi lenu. Gari litakaloibeba lioshwe kwanza na lisiwe limetoka kiwandani. Harufu hupungua ndani ya siku mbili tatu, rangi hurudi kuwa ya kahawia kwa wiki moja hivi, maji safi huchukua wiki mbili au tatu. Muda wote huo maji yanayotoka yachukuliwe na ekzosta, yasipelekwe mtoni.

Tukija kwenye bili, kamati haikukosea kutaka kuokoa, imekosea mahali pa kukata. Mtambo ukishapona, wekeni taima: mchana dakika 45 bloa iwake na 15 izime, kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri, 30 kwa 30. Kwa bloa ya kilowati 1.5 mtaokoa uniti 11 hivi kila siku. Kipimo cha oksijeni iliyoyeyuka kikiwapo, hakikisheni inafika miligramu 2 kwa lita kabla ya bloa kuzima. Jambo moja la kukagua kwanza: mitambo mingi midogo hurudisha tope kwa bomba la hewa linalotumia bloa hiyohiyo. Bloa ikizima, urudishaji nao husimama na tope huoza kwenye tangi la kutuamisha. Ikiwa wenu ni wa namna hiyo, msizidishe dakika 15 mchana wala usiku.

*

Habari za kazi. Sisi ni shule ya bweni karibu na Usa River, Arusha. Kila mchana mabonge ya tope hupanda juu ya tangi la kutuamisha na kutoka na maji. Fundi mmoja anasema hewa imezidi, mwingine anasema haitoshi. Pia, tukifunga shule tuzime mtambo? Na pH, kipimo cha uchachu wa maji, tuihofie?
– Makamu mkuu wa shule

Nzuri. Mafundi waache kubishana, wachukue chupa. Tafuteni chombo cha kioo au plastiki angavu cha lita 1, chenye alama za mililita. Bloa ikiwa inawaka, choteni maji ya tangi la hewa, wekeni mezani bila kutikisa, someni tope limefika wapi baada ya dakika 30. Mililita 250 hadi 500 ni hali njema. Msimwage, acheni chupa saa mbili zaidi.

Likiwa lilitulia vizuri kisha likapanda kwa mabonge yenye mapovu madogomadogo, basi hewa wala si tatizo. Naitreti inageuzwa gesi ya naitrojeni ndani ya tope lililokaa sana chini, na gesi hiyo inalibeba juu. Tunadhani ndilo linalowapata, kwa kuwa ni mabonge na ni mchana wa joto. Ongezeni kasi ya kurudisha tope, lisikae chini zaidi ya saa moja, na mkwangue kuta za tangi la kutuamisha mara mbili kwa wiki kwa brashi ya mpira yenye mpini mrefu. Kuta zikiwa na mteremko chini ya digrii 60, tope litanata tu, na kukwangua kutakuwa kazi ya kudumu.

Kama baada ya dakika 30 tope bado liko mililita 800 au 900, kuna mambo mawili yanayofanana kwa macho. Jazeni chupa nyingine nusu kwa nusu: maji ya tangi la hewa na maji safi ya kutokea. Likishuka haraka sasa, tatizo ni wingi: tope limejazana na halijatolewa muda mrefu. Likibaki limeumuka, kuna bakteria wa nyuzinyuzi, na wanaowaleta kwa kawaida ni upungufu wa oksijeni, mafuta ya jikoni, au maji yaliyooza njiani kabla ya kufika.

Hapa ndipo mitambo mingi inapoharibikia, kwa hiyo tuseme kwa hesabu. Tope linatakiwa kukaa siku 20 hadi 25 kisha liondoke. Tangi la hewa likiwa na lita 30,000, gawanyeni kwa 25: mnatoa lita 1,200 za mchanganyiko kila siku, au kama 600 mkitolea chini ya tangi la kutuamisha ambako tope ni zito maradufu. Msiposhika ratiba hiyo, mtambo utajitolea tope wenyewe, kupitia bomba la maji safi. Mkitaka kubadilisha kiasi, badilisheni asilimia 10 hadi 15 kwa wiki, msifidie miezi mitatu kwa siku moja.

Likizo msizime. Punguzeni hewa iwe dakika 15 kila saa, tope lirudi wakati huohuo, na msitoe tope la ziada. Bakteria watasinyaa bila kufa wote. Rudisheni hewa kamili siku moja kabla wanafunzi hawajafika, na mtegemee maji yenye ukungu siku chache za mwanzo. Hakuna haja ya kuwapikia uji, ingawa tumesikia unapikwa.

Kuhusu pH mliyoitaja mwishoni mwa barua: kila gramu ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa naitreti hula gramu 7 za alkali ya maji. Maji ya pembezoni mwa Meru yana bikaboneti nyingi, hayatawasumbua. Wanaotumia maji ya mvua ndio wapime kila wiki, na pH ikishuka chini ya 6.5 waongeze magadi kidogokidogo yakiwa yameyeyushwa kwenye ndoo.

*

Kuna unga wa bakteria unauzwa kwa pakiti, na jirani anatia hamira. Vinasaidia?
– Msomaji, Morogoro

Hamira, hapana. Unga wa pakiti hauna madhara, ila choo kimoja cha asubuhi huleta bakteria wengi kuliko pakiti hiyo, na wamekwisha kuzoea kazi. Hela hiyo ikanunue chujio la bloa. Kinyesi cha ng'ombe ni mbegu nzuri ya mtambo wa bayogesi, usio na hewa. Kwenye tangi la hewa kinaongeza mzigo tu.

*

Tunajenga Boko, Dar es Salaam. Familia ya watu sita, kiwanja kidogo, masika maji yako nusu mita chini. Tununue mtambo wa umeme?
– Baba mwenye nyumba

Hapana. Nyumba ya watu sita haina mtu wa kupima chupa kila wiki, na umeme ukikatika siku mbili mnabaki na tangi la septiki la bei mbaya. Jengeni kitu kisicho na injini.

Lita 600 kwa siku zinataka tangi la septiki la mita za ujazo 3, chumba cha kwanza kikichukua theluthi mbili. Baada yake wekeni chemba ya kichujio: mita ya ujazo 1 ya mawe magumu ya milimita 25 hadi 60, makubwa chini, maji yakiingia chini na kutokea juu. Bakteria hushika kwenye mawe, hawahitaji hewa. Wekeni bomba la inchi 4 la wima lifike chini ya mawe, ili siku yakiziba gari liweze kunyonya kutoka hapo. Mwishoni, kitalu cha kokoto cha mita za mraba 10, kina cha sentimita 60, kokoto za milimita 10 hadi 20 juu ya karatasi nene ya plastiki, kimepandwa matete. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanyia utafiti vitalu vya namna hii kwa miaka mingi, si jambo la kubahatisha.

Inueni kila kitu kiasi kwamba shimo la mwisho, ambamo maji hunywewa na ardhi, liwe juu ya maji ya masika, hata ikibidi kujaza kifusi. Atakayewaambia matete na migomba yatakunywa maji yote, mpeni hesabu: mita za mraba 10 hupoteza milimita 5 hadi 8 kwa siku, yaani lita 50 hadi 80. Lita 500 na zaidi bado zinatafuta pa kwenda. Pimeni tope kila mwaka kwa mti uliozungushiwa taulo jeupe: likifika theluthi ya kina, iteni gari. Likishanyonya, jazeni tangi maji siku hiyohiyo.

*

Maji ya mtambo wetu Mtwapa ni angavu kabisa. Tunaweza kumwagilia mchicha na sukuma wiki?
– Mama shamba

Mama, uangavu hauonyeshi vimelea. Wekeni klorini ya unga wa asilimia 70: kwa mita za ujazo 15 kwa siku, kipimo cha miligramu 8 kwa lita ni gramu 120 za klorini, sawa na gramu 170 za unga. Uyeyusheni kwenye ndoo, uache utulie, mdondoshe maji yake ya juu kidogokidogo mchana kutwa. Maji yakae nusu saa kwenye tangi lenye kuta za kuyazungusha, na kipimo cha bwawa la kuogelea kionyeshe yamebaki miligramu 0.5 wakati wa kutoka. Maji yenye amonia nyingi hula klorini haraka, kwa hiyo kipimo hakishiki mpaka mtambo wenyewe ukae sawa.

Mayai ya minyoo hayafi kwa klorini hiyo. Huondolewa kwa kutulia na kuchujwa kwenye mchanga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka yasizidi yai 1 kwa lita. Kwa hiyo mchicha na sukuma, ambavyo majani yake hugusa udongo, viacheni. Mwagilieni ndizi, mapapai, nyasi za ng'ombe, kwa mpira wa matone chini ya matandazo, si kwa kurusha hewani. Nyasi hizo zikatwe na kuanikwa siku moja kabla ya kulishwa.

Kabla ya hayo pelekeni sampuli maabara. BOD isizidi miligramu 30 kwa lita. Kiwango hicho ndicho kilichowekwa katika kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 na katika TZS 860, kiwango cha taifa cha Tanzania cha majitaka. Kibali Kenya ni cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Tanzania, kutiririsha kwenye mto au ardhi, ni cha bodi ya maji ya bonde. Sampuli ichukuliwe saa mbili asubuhi, mzigo ukiwa mkubwa, iwekwe kwenye barafu na ifike maabara siku hiyohiyo. Ikichotwa saa kumi alfajiri itapendeza kwenye karatasi tu.